Mashine Isiyojua Sasa

Mara ya tatu Mwalimu alipoileta kompyuta yake, hakuiacha mezani na kwenda zake kama alivyofanya mara mbili za kwanza. Aliteremka nayo kwenye bodaboda, CPU ameifunga kwa kitenge na kuikumbatia kifuani, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, akavuta kiti, akaketi.

"Mwanangu," akaniambia, "leo siondoki. Nitakaa hapa nione unachoifanya. Kwako inapona, kwangu inaugua. Nataka kujua kwa nini."

Nilimkaribisha, nikamwagizia chai. Moyoni sikuwa na raha. Nilikuwa nimeshapokea pesa yake mara mbili kwa ugonjwa uleule, na fundi yeyote anajua maana yake: kama kitu kinarudi, basi hakikutengenezwa. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2024, na yaliyotokea kwenye kiti kile asubuhi hiyo yalibadilisha namna ninavyofanya kazi mpaka leo.

Kibanda changu kilikuwa Bukoto, kwenye safu ya maduka kando ya barabara ya kwenda Kisaasi. Upande mmoja alikuwapo fundi cherehani, upande wa pili kijana wa rolex, zile chapati zinazoviringishwa na mayai, aliyekuwa akikanda unga wa chapati kabla hakujapambazuka vizuri. Nilitoka Bukoba, nikavuka mpaka pale Mutukula nikidhani nitakaa Kampala mwaka mmoja tu. Kihaya na Kiganda ni lugha ndugu, kwa hiyo sokoni sikupata taabu. Lakini lugha iliyoniletea wateja dukani ilikuwa Kiswahili. Wakongo wa Ituri na Kivu, Wakenya waliofuata kazi, wanafunzi kutoka Tanzania, wote waliambiana kwamba Bukoto yupo fundi unayeweza kumweleza shida yako bila kuitafutia Kiingereza.

Mwalimu alikuwa mmoja wao. Ni mama wa Bunia, mtu mzima, na alikuwa akifundisha Kiswahili shule ya sekondari. Kazi yake ilikuwa imeongezeka uzito. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vitabu shuleni kwao vilikuwa vichache, wanafunzi wengi. Kwa hiyo alijiandalia mazoezi mwenyewe nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye Windows 10. Mtandao aliutumia kwenye simu. Kompyuta ilikuwa ya kuandikia tu, na aliiunganisha na simu siku ile tu alipotaka kuisasisha.

Hapo ndipo ilipomkatalia. Inatafuta, inazunguka, kisha inaandika kwamba imeshindikana, na chini yake kitufe: jaribu tena. Alijaribu tena usiku, akajaribu asubuhi, akajaribu Jumapili mtandao ukiwa mwepesi. Wiki zikawa miezi.

Alipoileta kwangu mara ya kwanza nilifanya kile nilichozoea. Nilisimamisha huduma ya masasisho, nikalibadilisha jina folda la SoftwareDistribution ambamo Windows huweka vitu inavyopakua, nikaiwasha huduma upya ili ijitengenezee folda jipya. Baada ya saa mbili masasisho yote yalikuwa yamefungwa. Mara ya pili nikarudia hivyohivyo, na ikapona hivyohivyo. Nikaamini kwamba folda ndilo lililokuwa bovu. Kumbe nilikuwa nimelipa sifa isiyo yake.

Ufundi huu sikuufundishwa darasani. Umenifundisha mashine moja baada ya nyingine, na kabla ya Mwalimu walikuwapo wengine waliokuwa wamenipa sehemu ya somo.

Kwanza ilinibidi nielewe sasisho linapita wapi, maana halifungwi kwa pigo moja. Mashine huuliza seva kuna nini kipya. Hupakua. Huhakiki vifurushi kwa saini zake, ijue vimetoka kwa mwenyewe na havikuharibika njiani. Huvifungua na kuviandaa. Kisha hujizima ili kubadilisha yale mafaili yasiyoweza kuguswa mfumo ukiwa unafanya kazi, huwaka, na hujikagua. Ikiona kasoro hurudisha kila kitu kilivyokuwa na kukuambia imeshindikana. Neno ni hilohilo moja, lakini huenda imekwama mlangoni, au jikoni, au kitandani. Anayesoma neno tu bila kutafuta ni hatua ipi, atatibu kichwa wakati mguu ndio uliovunjika.

Hilo nilionyeshwa na Hajji mmoja mwenye duka la kuchapa na fotokopi. Kompyuta yake ya mapajani ilikuwa ndogo, ya diski ya GB 32. Kila mwezi alinunua bando, ikapakua usiku kucha, ikaandaa, ikakwama, na bando likawa limeliwa. Mwezi uliofuata akanunua jingine. Alipokuja kwangu skrini ilikuwa na namba: 0x80070070. Tarakimu za mwisho, 70, zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Ukizigeuza kuwa hesabu yetu ya kumi unapata 112, na 112 kwenye Windows maana yake ni moja tu: diski imejaa. Ndani ya diski ya Hajji mlikuwa na kadi za harusi, mitihani ya shule na vitambulisho vya watu alivyovipiga picha miaka na miaka.

"Ssebo," akaniuliza, "mbona hakuna aliyeniambia?"

"Mashine ilikuambia, Hajji, kila mwezi. Ila ilikuambia kwa namba."

Tulihamisha mafaili kwenye diski ya nje, tukafuta mabaki ya masasisho ya zamani, na sasisho likafungwa kwa bando moja. Tangu siku ile namba ya kosa siipiti. Naiandika, naitafutia maana.

Lakini namba nayo ina mipaka yake, na hilo nilifunzwa na kijana mmoja wa kwenye maghorofa ya Bukoto. Kosa lake lilikuwa 0x800f0922, namba yenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni kwamba ile sehemu ndogo ya diski ambayo mfumo hujitengea imekosa nafasi. Cha pili ni kwamba mashine haifikii seva za masasisho, na mara nyingi kinachoizuia ni VPN, programu inayoupitisha mtandao wako njia ya pembeni. Niliingia chumba cha kwanza, nikapoteza nusu siku kupanua sehemu za diski. Ndipo nikaona alama ya VPN pembeni, imewaka.

Kama ningemwuliza anavyoishi na kompyuta yake, ningejua kabla ya kufungua chochote. Mtu aliyekuwa Kampala miaka hiyo haulizi VPN imetoka wapi. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na watu wakajifunza kupita pembeni. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilifungwa nchi nzima. Iliporudi tarehe 18, mitandao ya kijamii ilikuwa bado imezuiwa, na VPN ikawa kitu cha kila siku, kama funguo za nyumba. Kijana yule alikuwa ameiwasha akasahau kwamba ipo. Tuliizima kwa nusu saa, sasisho likapita.

Na wapo wale ambao umeme uliwakatikia katikati ya kufunga. Hao mashine zao hubaki na hazina ya mafaili iliyovunjikavunjika, namba ikawa 0x80073712 au jamaa zake. Dawa yao ina mpangilio. Unaanza na amri ya DISM, ambayo hurekebisha hazina yenyewe, kisha unafuata na sfc /scannow, ambayo huchukua mafaili mazima kutoka kwenye hazina hiyo na kuyarudisha mahali pake. Ukianza na ya pili wakati hazina bado ni mbovu, unatafuta maji safi kwenye mtungi wenye matope.

Wateja wengi waliochoka waliniuliza: kwa nini usiyazime tu haya masasisho, fundi, tukapumzika? Swali lao nililiheshimu na bado naliheshimu. Hofu yao haikuwa ya bure. Tarehe 19 Julai 2024, mwezi mmoja tu kabla ya Mwalimu kuketi kwenye kiti changu, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft, na viwanja vya ndege na hospitali vikakwama.

Hata hivyo huwa nawajibu kwa kisa kingine. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa fulani kwenye Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikaingia duniani kupitia ufa uleule, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Kule Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Waliougua wengi ni wale ambao sasisho halikuwafikia, au liliwafikia likashindwa kufungwa na hakuna aliyefuatilia. Kwa Mwalimu mafaili hayo ni mazoezi ya mihula sita. Kwa Hajji ni duka lenyewe. Ndiyo maana sasisho linaloshindwa kila wiki silioni kuwa usumbufu mdogo. Ni mlango wa nyumba usiofungika, na mwenye nyumba amezoea kulala hivyo.

Basi hayo yote nilikuwa nayajua asubuhi ile ya mwezi wa nane. Kusoma namba nilijua, kumwuliza mtu nilijua, mpangilio wa dawa nilijua. Na bado mashine ya Mwalimu ilikuwa imerudi mara ya tatu.

Niliunganisha nyaya, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Skrini ikawa nyeusi, ikaja mistari miwili ya Kiingereza, na kidole changu kikaenda kwenye F1 ili iendelee.

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Hapo imesema nini?"

"Hapo si kitu, Mwalimu. Inasema saa imepotea. Nitairekebisha ikishawaka."

"Na kwangu inaniandikia hivyo kila asubuhi. Ninabonyeza kama ulivyobonyeza."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Usiku ninachomoa waya ukutani. Radi za hapa ninaziogopa, na umeme wa yaka nao ni pesa."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye saa kuirekebisha. Nikauondoa. Mwalimu akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya darasani.

"Kitu hiki kinachokataa, ninyi Watanzania mnakiitaje?"

"Sasisho."

"Limetoka wapi?"

"Kusasisha."

"Vizuri. Safi, safisha. Sawa, sawazisha. Sasa, sasisha. Kukifanya kitu kiwe cha sasa." Akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya skrini. Paliandikwa 1 Januari 2012. "Mashine hii, mwanangu, haijui sasa ni lini. Utaifanyaje iwe ya sasa?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikamwuliza kama aliwahi kuona namba yoyote lile kosa linapotokea. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwa mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima, alikuwa ameandika 0x80072F8F. Alikuwa nayo tangu mara ya kwanza alipokuja. Mimi sikuwa nimemwuliza.

Namba hiyo ni ya mashine iliyoshindwa kukubaliana na seva kuhusu usalama, na sababu yake ya kawaida ni tarehe. Seva ya masasisho hujitambulisha kwa cheti, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta iliyoamka ikiamini ni Januari 2012, ukiionyesha cheti kilichotolewa 2024, inaona karatasi ambayo siku zake hazijaanza. Inakataa, na inafanya vema kukataa, kama askari wa getini anayemzuia mgeni mwenye kibali cha mwaka usiofika. Windows ina huduma yake ya kusahihisha saa kupitia mtandao, lakini kwa kawaida imewekewa mpaka wa saa 15. Pengo likizidi hapo haithubutu kurekebisha yenyewe, na huku pengo lilikuwa la miaka zaidi ya kumi na miwili.

Hapo nikaelewa kwa nini kwangu ilipona. Kila ilipofika mezani nilibonyeza F1, nikaweka tarehe sahihi kwa mkono, kisha nikaanza ile kazi niliyoiita kazi. Saa niliirekebisha kama mtu anavyofuta vumbi juu ya meza kabla ya kukaa. Kwa kuirekebisha tu nilikuwa nimeshaiponya mashine, na yale ya folda yaliyofuata hayakuwa na lolote. Kisha Mwalimu akaichomoa, akaifunga kwenye kitenge, akapanda bodaboda, na kabla hajafika nyumbani mashine ilikuwa imerudi 2012. Jibu lilikuwa linafika mbele yangu kila mara, nami nalifuta kabla sijauliza swali.

Nilifungua ubavu wa CPU. Kulikuwa na vumbi jekundu la Kampala, laini kama unga, limelala juu ya kila kitu. Nililipuliza nje ya mlango. Chini, karibu na nafasi za kadi, ilionekana betri ya duara, ya fedha, ndogo kama sarafu, imekaa kwenye kikombe chake cha plastiki. Juu yake pameandikwa CR2032. Maandishi hayo ni vipimo: 20 ni upana wa milimita 20, 32 ni unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni moja. Kompyuta ikichomolewa ukutani, betri hii ndiyo inayoiwekea saa iendelee kutembea gizani. Ikiwa nzima ina volti 3. Nilipoigusa kwa mita, haikufika hata volti moja.

Nilisukuma kishikizo kwa ncha ya bisibisi, betri ikaruka juu. Mpya nilimpa Mwalimu aiweke mwenyewe, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Aliishika kwa vidole viwili, akaibonyeza mpaka ikalia. Bei yake ilikuwa ya rolex mbili.

Safari hii sikukimbilia masasisho. Niliweka tarehe, nikazima, nikauchomoa waya ukutani kama anavyofanya yeye, tukanywa chai. Yule kijana wa jirani alituletea chapati zenye mayai, tukala, Mwalimu akanisimulia soko la Bunia na samaki wa Ziwa Albert. Baada ya saa nzima nikaurudisha waya na kuwasha. Ile mistari ya Kiingereza haikuja. Tarehe ilikuwa ya siku ileile, saa ileile. Nikaunganisha na simu yake, si mtandao wangu, nikabonyeza kutafuta masasisho. Folda sikuligusa. Amri yoyote sikuiandika. Yalipakuliwa, yakafungwa, mashine ikawaka upya mara mbili, ikasema iko sawa.

Nilitaka kumrudishia pesa za mara mbili za kwanza. Alikataa kuzipokea, akaniambia niwanunulie wanafunzi wake rimu za karatasi. Nikafanya hivyo wiki hiyohiyo.

Mashine zilizorudi mara kwa mara kabla ya hapo nilizoea kuzipokea kwa nguvu zaidi: kama dawa haikufanya kazi, ongeza dawa. Kitufe cha jaribu tena kinatufundisha tabia hiyo. Kujaribu tena kunafaa pale tatizo lilipokuwa la kupita, mathalani mtandao uliokatika dakika tano. Likiwa si la kupita, kurudia kunakula bando na siku tu. Januari 2024 lilitoka sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441, la kuimarisha sehemu ya uokoaji ya diski. Lilihitaji nafasi huru ya MB 250 katika sehemu hiyo. Kwenye mashine ambazo sehemu hiyo ilikuwa ndogo lilishindwa kwa kosa 0x80070643, na hata ungelibonyeza mara mia lisingeongeza nafasi ya MB moja. Ilibidi mtu aketi, apanue sehemu ile, ndipo lifungwe.

Siku hizi mezani pangu pana kaunta buku. Mashine ikiingia siigusi kabla sijaandika mambo matatu: inaonyesha tarehe gani ilipowaka, ina nafasi kiasi gani, na inasema namba gani. Ujumbe wowote unaotokea kabla ya Windows kuwaka naupiga picha kwa simu, hata ule niliouona mara elfu. Hasa ule niliouona mara elfu. Kisha namwuliza mwenyewe anaizima vipi, anaiunganisha na mtandao gani, umeme wao ukoje, na kama ana karatasi yoyote mkobani. Watu wengi wanayo. Wanaogopa kuitoa kwa sababu wanadhani fundi anajua zaidi.

Nikianza kutengeneza, nabadilisha kitu kimoja, najaribu, naandika. Zamani niliona huko ni kuchelewesha kazi. Lakini nilipobadilisha mawili kwa mpigo kwenye mashine ya Mwalimu, nilitoka na ushindi na imani potofu, na imani hiyo ikanigharimu miezi. Na nikimaliza, siijaribu mashine kwa raha za kibanda changu chenye mtandao mzuri na betri ya akiba. Naijaribu katika maisha ya mwenyewe: nachomoa waya kama anachomoa, natumia simu yake kama anaitumia, nawasha VPN yake kama haizimi. Ikipita hapo ndipo nasema imepona. Vijana wawili waliojifunza kazi kwangu niliwaanzishia kwenye kaunta buku kabla ya bisibisi.

Mwalimu nilimwona tena mwisho wa mwaka 2025. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida, mfumo uliokuwa umetoka Julai 2015. Kompyuta yake ilimwambia haiwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unadai kichakataji kipya zaidi na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0, na yeye hana kimojawapo. Alikuja nayo kwenye kitenge kilekile.

"Hii nayo ni betri?" akaniuliza.

"Hapana, Mwalimu. Leo mashine haiumwi. Imefika mwisho wa njia yake."

Ilinibidi nijifunze tofauti hiyo pia, na kuisema waziwazi, kwa sababu wapo wanaotoza watu pesa kuilazimisha mashine kwenda isikoweza. Nilimweleza kwamba anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya nyongeza mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kisha atakuwa palepale, au tunaweza kuweka mfumo mwingine, Linux Mint, ambao ni bure, unaendelea kusasishwa na hautamdai mashine mpya. Aliuliza kama mazoezi yake yatafunguka. Nikamfungulia matatu mbele yake kwenye kompyuta yangu, ayaone. Alisoma moja mpaka mwisho, akachagua Linux.

Tulinakili mafaili yake kwenye diski ya nje mara mbili, sehemu mbili tofauti. Nikafunga mfumo mpya. Ulipowaka mara ya kwanza, kabla hajatazama picha wala herufi, macho ya Mwalimu yalienda moja kwa moja kwenye tarehe. Akaisoma kwa sauti, siku, mwezi, mwaka, kisha akatoa simu yake mkobani akalinganisha.

"Ni sasa," akasema. "Aksanti, mwanangu. Tuendelee."